Kulinda taarifa zako mtandaoni: mwongozo kamili, kuanzia baruapepe hadi simu uliyoiacha

Watu wengi wakiamua kujilinda mtandaoni huanzia mwisho. Wanabandika karatasi juu ya kamera ya kompyuta, wanalipia VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwa kampuni nyingine), wanafuta programu moja iliyosemwa vibaya kwenye habari, kisha wanaendelea na nywila ileile waliyoitunga siku walipofungua akaunti yao ya kwanza. Dirisha limetiwa nondo, mlango wa mbele umeachwa wazi.

Mwongozo huu umepangwa kwa uzito. Hatua za mwanzo ndizo zinazozuia madhara makubwa zaidi, kwa hiyo ukichoka katikati, utakuwa umeshafanya yale ya maana. Tenga jioni mbili au tatu. Usijaribu kumaliza yote kwa mkupuo, maana ukibadilisha nywila ishirini huku umechoka utajifungia nje mwenyewe.

Kwanza, jiulize unajificha nani

Wanaotaka taarifa zako wako wa aina tatu. Wa kwanza ni mwizi asiyekujua: ana orodha ya mamilioni ya baruapepe na nywila zilizovuja, anajaribu moja moja kwa kompyuta, na jina lako kwake halina maana yoyote. Wa pili ni kampuni za matangazo na wauzaji wa taarifa, ambao hawataki kukuibia, wanataka kukujua. Wa tatu ni mtu anayekujua kwa sura: mwenzi wa zamani, ndugu, mfanyakazi mwenzako, yeyote aliyewahi kushika simu yako kwa dakika mbili. Huyu ndiye anayesahaulika, na mara nyingi ndiye aliye karibu zaidi.

Kama kazi yako inakufanya uwindwe na watu wenye fedha na utaalamu mkubwa, haya yaliyomo hapa ni msingi tu. Wenye iPhone waongeze Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali iliyoletwa mwaka 2022 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na watafute mtaalamu wa kuwasaidia ana kwa ana.

Hatua ya 1: Baruapepe yako

Fikiria ukibofya "nimesahau nywila" kwenye akaunti yoyote. Kiungo cha kuweka nywila mpya kinakwenda wapi? Kwenye baruapepe. Anayeimiliki baruapepe yako anaweza kufungua karibu kila kitu kingine bila kujua nywila hata moja. Ndiyo maana tunaanzia hapa.

Ingia kwenye mipangilio ya usalama ya baruapepe yako na ukague mambo manne.

Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kifaa usichokitambua, kitoe. Simu uliyoiuza miaka mitatu iliyopita nayo itoe, hata kama una hakika mnunuzi ni mtu mwema.

Kagua namba na baruapepe za kurejesha akaunti. Hapa nimekuta watu wengi wameacha namba ambayo hawaitumii tena. Kampuni za simu huwa zinagawa upya namba zilizokaa bila kutumika, hivyo anayeishika leo anaweza kupokea kodi yako, yaani tarakimu za uthibitisho unazotumiwa ili kuingia.

Tafuta sehemu ya kuelekeza barua kwingine, pamoja na vichujio. Wengi hawajawahi kuifungua sehemu hii. Mdukuzi mwerevu akiingia mara moja tu, huacha amri ndogo: nakala ya kila barua itumwe kwake, au barua zenye neno fulani zifichwe. Utabadilisha nywila, utajiona salama, na barua zitaendelea kumfikia. Ukikuta anwani usiyoijua, ifute.

Mwisho, tazama programu na tovuti ulizoziruhusu kuingia kwenye akaunti yako. Mchezo uliocheza wiki moja mwaka juzi hauna haja ya kuona anwani za watu wako. Ondoa kila usichokitumia.

Hatua ya 2: Nywila

Kosa kubwa la nywila ni kuirudia. Nywila fupi ni tatizo dogo likilinganishwa na nywila moja inayofungua akaunti kumi. Mwaka 2012 LinkedIn iliibiwa nywila za watumiaji wake. Ilipofika 2016, zaidi ya akaunti milioni 100 za wizi huohuo zilikuwa zikinadiwa. Yahoo nayo ilikiri mwaka 2017 kwamba uvamizi wa 2013 uligusa akaunti zake zote bilioni 3. Nywila iliyovuja haiozi. Hukaa kwenye orodha, na mwizi huijaribu kila mahali ambako mwenye baruapepe ile anaweza kuwa na akaunti.

Nenda kwenye Have I Been Pwned, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia, uandike baruapepe yako. Itakuonyesha ni uvujaji upi umekugusa. Usishtuke ukikuta majina matano au sita. Anayetumia baruapepe moja kwa miaka kumi ni nadra kutoka bure. Akaunti hizo ndizo za kuanza kubadilisha.

Sasa, hakuna binadamu anayeweza kukariri nywila sitini tofauti, na anayekwambia jaribu anakudanganya. Tumia programu ya kutunza nywila. Bitwarden ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye simu na kompyuta; KeePassXC huhifadhi kila kitu kwenye faili lako mwenyewe bila kupitia mtandaoni; na iPhone, Android na vivinjari vikubwa vina kitunzaji chao cha ndani, ambacho kwa mtu wa kawaida kinatosha kabisa. Programu itatunga nywila ndefu isiyo na maana, itaikumbuka na itaijaza yenyewe. Faida nyingine haisemwi sana: kitunzaji hakidanganywi na tovuti bandia. Ukifika kwenye ukurasa unaofanana na wa benki yako lakini anwani imetofautiana kwa herufi moja, kitakaa kimya. Kimya hicho ni onyo.

Kinachobaki kichwani ni nywila tatu tu: ya kitunzaji chenyewe, ya baruapepe, na ya kufungulia simu. Kwa mbili za kwanza, tunga kwa maneno. Chukua kamusi, fumba macho, fungua ukurasa wowote, gusa neno. Fanya hivyo mara tano. Mimi nikijaribu sasa hivi napata: pazia, kobe, sabini, chokaa, nahodha. Hayana uhusiano, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Yatungie kisa cha kipuuzi kichwani na hutayasahau. Bila shaka hayo matano usiyatumie, yameshaandikwa hapa. Wala usichague maneno kwa kupenda, kwa sababu ukichagua utaangukia jina la mwanao na timu yako.

Na ile desturi ya kubadilisha nywila kila miezi mitatu? Achana nayo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuacha ushauri huo mwaka 2017, kwa kuwa watu wanaolazimishwa kubadilisha huongeza tu namba mwishoni: Nahodha1, Nahodha2, Nahodha3. Badilisha pale unapojua au kushuku kwamba imevuja.

Hatua ya 3: Kizuizi cha pili

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai kitu cha pili baada ya nywila, kwanza kwenye baruapepe, kisha kwenye kitunzaji cha nywila, benki, na mitandao ya kijamii. Aina zake zinatofautiana sana kwa nguvu.

Kodi inayokuja kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu inategemea laini yako kubaki mikononi mwako. Iliyo imara zaidi ni programu ya kodi, kama Aegis au Google Authenticator, inayotoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, hata simu ikiwa haina mtandao. Na iliyo bora kuliko zote ni ufunguo wa siri (kwa Kiingereza "passkey") uliohifadhiwa ndani ya simu au kompyuta, ule unaoufungua kwa alama ya kidole au uso bila kuandika nywila. Ubora wake ni kwamba umefungwa kwa anwani halisi ya tovuti. Kodi ya tarakimu sita unaweza kulaghaiwa ukamsomea tapeli kwenye simu. Ufunguo huu huwezi kumsomea mtu hata ukitaka. Tovuti ikikupa nafasi ya kuuweka, uweke.

Ukiwasha hatua mbili, utapewa kodi za akiba. Google, kwa mfano, hutoa kumi. Ziandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako. Usipige picha ya skrini ukaiacha kwenye simu ileile. Siku simu ikipotea, na kodi zimekwenda nayo.

Hatua ya 4: Laini ya simu

Mwaka 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, mwanzilishi mwenza na mkuu wa kampuni yenyewe wakati huo, iliingiliwa na wahuni. Hawakuvunja mitambo ya Twitter. Waliipata namba yake ya simu kupitia kampuni ya simu. Ikiwa yeye lilimfika, wewe na mimi hatuna kinga ya pekee.

Fanya mambo matatu. Kwanza, uliza kampuni yako ya simu kama inaweza kuweka namba ya siri au kizuizi kabla ya laini kuhamishwa. Pili, washa PIN ya laini yenyewe kwenye mipangilio ya simu, ili mwizi asiichomoe na kuitia kwenye simu nyingine kupokea kodi zako. Kuwa mwangalifu hapa: ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia ya tarakimu nane, kwa hiyo itafute PUK kabla hujaanza. Tatu, ficha maudhui ya ujumbe kwenye skrini iliyofungwa. Simu yako inaweza kuwa na nywila ndefu kuliko utenzi, lakini kama kodi ya benki inaonekana juu ya kioo bila kuifungua, ulinzi huo umetobolewa.

Kuna hila moja ya kuijua. Mtu anakupigia, anajifanya wa huduma kwa wateja, anakuomba ubonyeze namba inayoanza na nyota ili "kurekebisha mtandao". Namba hiyo huelekeza simu zako kwake. Kisha anaomba kodi ya WhatsApp isomwe kwa kupigiwa simu, na simu inaita kwake. Kuangalia kama simu zako zimeelekezwa kwingine, piga *#21#. Kuondoa maelekezo yote, kwenye mitandao mingi ni ##002#.

Hatua ya 5: Simu yenyewe

Tumia tarakimu sita kufungua badala ya nne: michanganyiko milioni moja dhidi ya elfu kumi. Achana na mchoro wa kuunganisha nukta, kwa kuwa aliyekaa nyuma yako kwenye basi anaweza kuukariri kwa kuutazama mara moja. Ruhusu masasisho yajiweke yenyewe. Masasisho mengi ni viraka vya matundu yaliyokwisha kujulikana, na tundu linalojulikana ndilo linalotumiwa zaidi.

Kisha fungua sehemu ya ruhusa. Usiende programu kwa programu. Nenda ruhusa kwa ruhusa, maana hapo ndipo mshangao unapotokea. Fungua "Mahali" uone nani wote wanajua ulipo. Programu ya hali ya hewa inahitaji kujua mji, haihitaji kujua nyumba, kwa hiyo mpe mahali pa kukadiria tu. Ramani ipewe ruhusa wakati inapotumika. Tochi, kikokotoo na michezo, hapana. Rudia kwa maikrofoni, kamera na anwani za watu.

Hiyo ya anwani ina uzito wa peke yake. Ukiruhusu programu isome orodha ya watu wako, hujatoa taarifa zako. Umetoa za mama yako, daktari wako na rafiki aliyekuomba usimpe mtu namba yake. Hawakuulizwa.

Maliza kwa kitambulisho cha matangazo, alama ambayo watangazaji huitumia kuitambua simu yako. Kwenye Android 12 na kuendelea, sehemu ya faragha kuna matangazo, na humo unaweza kukifuta kabisa. Kwenye iPhone, tangu toleo 14.5 la mwaka 2021, kila programu lazima iombe ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Zima swali lenyewe ili jibu liwe hapana kwa wote.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji fiche kutoka mtumaji hadi mpokeaji, na Signal, programu nyingine ya ujumbe, inafanya hivyo huku ikihifadhi taarifa chache zaidi kukuhusu. Watu husikia hilo wakapumua. Lakini mazungumzo huvuja pembeni, si njiani. Nakala rudufu inayokwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni haifungwi kwa namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe. Chaguo hilo limekuwepo tangu 2021, ndani ya mipangilio ya gumzo.

Na yule mtu wa tatu tuliyemtaja mwanzoni? Anachohitaji ni simu yako ikiwa wazi kwa nusu dakika, aunganishe WhatsApp yako na kompyuta yake, kisha asome kila kitu akiwa kwake. Fungua "Vifaa vilivyounganishwa" sasa hivi. Usichokitambua, kitoe. Kisha washa PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata anayepata kodi ya ujumbe mfupi asiweze kusajili akaunti yako kwenye simu yake.

Neno moja kwa walio kwenye uhusiano wenye vitisho: ukimtoa mtu kwenye akaunti zako, atajua. Panga usalama wako kwanza, kwa msaada wa mtu unayemwamini, na tumia kifaa ambacho hajawahi kukigusa.

Hatua ya 7: Kivinjari

Hapa sitakaa sana. Tumia Firefox, Brave au Safari, ambazo huzuia vifuatiliaji vingi zenyewe. Kwenye Firefox ongeza uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo na vifuatiliaji. Dirisha la kuomba ukubali vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwako ili zikutambue) likija, tafuta kitufe cha kukataa, ambacho kwa kawaida kimepakwa rangi ya kujificha.

Hali fiche ya kivinjari ("incognito") haikufichi kama jina lake linavyodai. Inafuta historia kwenye kifaa chako, basi. Tovuti bado inakuona, na mtoa huduma wa intaneti bado anaona unakokwenda. Mwaka 2024 Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu kumaliza kesi ya watu waliodhani hali hiyo huwaficha. VPN nayo huhamisha imani tu: badala ya mtoa huduma wako kuona tovuti unazotembelea, anaziona mwenye VPN. Ya bure isiyojulikana mmiliki wake ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Ukiwa na akaunti ya Google, ingia kwenye shughuli zako na uweke zijifute baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 8: Unachokitoa mwenyewe

Mwaka 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni. Waandishi wa jarida la Vice wakachapisha picha yake, na ndani ya faili la picha mlikuwa na namba za mahali za GPS zilizomweka Guatemala. Kamera ya simu huandika mahali kwenye kila picha kama umeiruhusu. Mitandao mikubwa huyaondoa maandishi hayo wakati wa kuchapisha, ila ukituma picha kama faili au kwa baruapepe yanakwenda nayo. Zima mahali kwenye kamera.

Nakala ya kitambulisho ikiombwa, uliza kwanza kama kukionyesha tu kunatosha. Kama ni lazima utume, andika juu yake, kukatiza picha: kwa ajili ya nani, kazi gani, tarehe gani. Nakala iliyoandikwa hivyo ni ngumu kuitumia kufungulia akaunti kwingine. Serikali ya Uholanzi ilitengeneza hata programu, KopieID, kwa kazi hiyohiyo. Unapoficha sehemu ya picha, funika kwa kisanduku cheusi kabisa; ile kalamu ya kupaka kwenye simu mara nyingi ni angavu, na mwanga ukiongezwa maandishi hurudi.

Fomu ikiuliza tarehe ya kuzaliwa bila sababu, si lazima ijibiwe kwa ukweli. Duka la viatu halina haja ya kuijua. Benki na ofisi za serikali, hapo ni lazima useme kweli. Maswali ya usalama kama jina la shule ya kwanza, jibu uongo, kisha uuhifadhi uongo wako kwenye kitunzaji cha nywila. Majibu ya kweli yamejaa kwenye ukurasa wako wa kijamii.

Hatua ya 9: Ulivyoviacha nyuma

Tafuta kwenye baruapepe yako maneno "karibu", "thibitisha akaunti", na ya Kiingereza "welcome". Utashangaa. Mimi nilikuta akaunti ya jukwaa la picha nililokuwa nimelisahau kabisa, na picha zipo. Kila akaunti usiyoitumia ingia, badilisha jina na taarifa kuwa za uongo, halafu ifute. Ikigoma kufutika, waandikie. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 huwapa watu haki ya kuomba taarifa zao zifutwe, na kampuni inapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Nchi nyingi zimetunga sheria zenye haki zinazofanana, kwa hiyo taja sheria ya kwenu kwenye barua.

Simu unayotaka kuiuza: hamisha vitu vyako, toka kwenye akaunti ya Google au Apple, ndipo uirejeshe kama ilivyotoka kiwandani. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kadi ndiyo husahaulika.

Ikiwa tayari umeingiliwa

Tumia kifaa kingine ambacho una hakika nacho. Anza na baruapepe: nywila mpya, toa vifaa vyote, futa maelekezo ya barua. Kisha benki, uwapigie kwa namba iliyo nyuma ya kadi wala si ile iliyokupigia. Kisha kampuni ya simu kama laini imekufa ghafla bila sababu, maana hiyo ni dalili ya kuhamishwa. Mitandao ya kijamii ifuate. Piga picha za skrini kabla ya kufuta chochote. Utazihitaji ukienda kuripoti.

Na usione aibu kuwaambia watu wako mapema, kwa kuwa tapeli aliye ndani ya akaunti yako sasa hivi anawaandikia kuomba fedha kwa jina lako. Ujumbe mfupi unatosha: "Akaunti yangu imeingiliwa. Chochote kitakachotoka huko tangu asubuhi si mimi. Msitume kitu mpaka mnisikie sauti."